Tusigeuze meza kuwa simu ya karatasi

Jua likishapungua makali, pita karibu na stendi ya Same, huku Upare, uwatazame vijana waliokaa kwenye benchi wakisubiri abiria wa basi la mwisho. Wanne wameinamia simu, kila mmoja na yake, lakini mchezo ni mmoja. "Nifuate, nifuate!" "Sina damu, nipe dawa." "Duara linabana, tokeni huko." Hiyo ni Free Fire, gemu ya mtandaoni iliyotoka mwaka 2017, ambamo wachezaji hadi 50 hushushwa kisiwani na kupigana mpaka abaki mmoja au skwadi moja. Imesambaa kwa sababu hata simu ya bei nafuu inaimudu. Mzazi akipita hapo huona bando linaloungua. Mimi naona pia vijana waliojifunza, bila mwalimu wala kitabu, sheria ngumu za kutegemeana: nani atangulie, nani abaki nyuma, nani amwokoe aliyeanguka.

Sheria hizo za mtandaoni zimeshabadilisha mchezo wa aina nyingine kabisa, unaochezwa mezani kwa maneno, karatasi na dadu. Huku kwetu bado ni wachache waliouona. Naandika kuuhusu kwa sababu nasikia hamu inakua, kwa walimu na kwa vijana waliosomea kompyuta, ya kutengeneza michezo ya mezani yenye watu wetu, milima yetu na mambo yetu. Hamu hiyo ni njema. Lakini wenzetu waliotangulia walifika njia panda, na tukijua walichokutana nacho hapo tutaokoa miaka mingi.

Mchezo wenyewe uko hivi. Watu wanne au watano wanaketi, mmoja wao anakuwa msimulizi. Anaeleza: mmefika kwenye korongo, daraja limekatika, ng'ambo kuna moshi. Kila mchezaji ana mhusika wake, na sifa za mhusika huyo zimeandikwa kwenye karatasi: nguvu, wepesi, akili, ushawishi. Mchezaji anasema anachofanya. Jambo likiwa na shaka inarushwa dadu, mara nyingi dadu ya pande 20, na msimulizi anaeleza kilichotokea. Hapo hakuna wa kumfunga mwenzake. Wanashinda au wanaumia pamoja. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons, kazi ya Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka mwaka 1974 katika nakala 1,000.

Na sasa mrudie yule kijana wa stendi anayelia kwamba hana damu. Ule mstari unaopungua kwenye kioo cha simu yake kila akipigwa risasi una asili ya mezani. Arneson alichukua hesabu ya uhai kutoka kwenye michezo ya vita vya majini, ambamo meli ilihesabiwa mapigo mpaka izame, akampa mhusika wa mezani hesabu ya namna hiyo. Kupanda ngazi, ambako vijana wanakuita kupanda levo, nako kulienezwa na mchezo huohuo. Kisha mawazo hayo yakahamia kwenye kompyuta. Mwaka 1978 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw, alianza kuandika programu aliyoiita MUD, na Richard Bartle akaiendeleza: ulimwengu wa maandishi matupu ambamo watu kadhaa waliingia kwa wakati mmoja, wakatembea, wakapigana na wakaongea. Kutoka kizazi hicho zikaja Ultima Online mwaka 1997, EverQuest mwaka 1999, na World of Warcraft mwaka 2004, ambayo kufikia Oktoba 2010 ilikuwa na wanaolipia zaidi ya milioni 12. Meza ilizaa kompyuta, kisha mtoto akarudi nyumbani amempita mzazi urefu.

Alirudi na nini? Kwanza, mgawanyo wa kazi. Katika EverQuest na World of Warcraft kundi lilihitaji mkingaji, mtibabu na washambuliaji. Adui wa kompyuta anahesabu nani amemkera zaidi na kumwendea huyo. Kazi ya mkingaji ni kumkera kuliko wote ili amgande yeye, mtibabu amwongezee uhai, na washambuliaji wamalize kazi. Mmoja akizembea, wote wanakufa. Mezani kulikuwa na mgawanyo wa kazi tangu mwanzo, ila ulikuwa haujanyooka hivyo.

Mwaka 2008 likatoka toleo la nne la Dungeons & Dragons, na hapo ndipo watu wengi waliona alama za vidole vya gemu za mtandaoni. Kila aina ya mhusika ilipewa kazi yake waziwazi: mkingaji, mshambuliaji, kiongozi anayewatibu wenzake, na mtawala wa uwanja anayewabana maadui wengi kwa mpigo. Kila mhusika akapata mbinu zilizoandikwa kwa mtindo mmoja: nyingine unazitumia utakavyo, nyingine mara moja katika kila pambano, nyingine mara moja kwa siku. Ukipanda ngazi uliruhusiwa kubadilisha mbinu uliyoichagua vibaya. Silaha ya kichawi usiyoihitaji uliweza kuivunjavunja upate mali ya kutengenezea nyingine. Mchezaji wa World of Warcraft aliyekaa kwenye meza hiyo hakujiona mgeni.

Wapinzani walipiga kelele kwamba meza imeuzwa. Mimi nasema katika jambo moja walikosa haki. Katika matoleo ya zamani, mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na uchawi mmoja kwa siku. Akishautumia anasimama pembeni kuwatazama wenzake wakicheza mpaka msimulizi aseme kumekucha. Ukimleta binti wa kidato cha pili kwenye meza ya namna hiyo, ukampa kazi ya kutazama, wiki ijayo harudi. Gemu za mtandaoni ziliwafundisha wabunifu kwamba kila aliyekaa anastahili kuwa na la kufanya kila zamu yake inapofika, na kwamba la kwake liwe ambalo mwenzake hawezi. Somo hilo ni zuri, na yeyote atakayebuni mchezo hapa kwetu alichukue bila aibu.

Ila kuna kitu kidogo ndani ya toleo hilo la 2008 ambacho kwangu kinabeba suala zima. Mkingaji alipewa uwezo wa kumwekea adui alama. Adui mwenye alama akitaka kumpiga mtu mwingine asiye mkingaji huyo, anapunguziwa 2 kwenye dadu yake, na mara nyingine mkingaji anapata nafasi ya kumchapa. Ukiitazama haraka utadhani ni ile hesabu ya kero ya kompyuta imeletwa mezani. Tazama tena. Kwenye kompyuta adui hana hiari. Hesabu ikisema amwendee mkingaji, atamwendea. Mezani adui anaongozwa na msimulizi, binadamu, naye anaweza kusema: huyu jitu ameshamwona mganga aliyemuua ndugu yake, adhabu ya 2 anaibeba, anamwendea. Wabunifu walileta kazi ya mkingaji wakaacha uamuzi mikononi mwa mtu. Hapo walikopa kwa akili.

Palipoharibika ni pengine. Mbinu zilipokuwa nyingi na zote zimeandikwa vizuri, macho ya wachezaji yalihama kutoka kwa msimulizi yakaenda kwenye karatasi. Ukiulizwa utafanya nini, unasoma orodha. Mapambano yalihitaji ramani ya miraba na vinyago, na pambano moja liliweza kumeza jioni nzima. Wachezaji wengi waliondoka. Mwaka 2009 kampuni ya Paizo ikatoa Pathfinder, uliojengwa juu ya sheria za toleo la tatu, ukawapokea. Toleo la tano la mwaka 2014 lilirudisha uhuru mwingi, lakini halikutupa kila kilichotoka mtandaoni: mchawi wa leo ana uchawi mdogo anaoweza kuutumia bila kikomo, na hakai tena pembeni. Huo ndio mkopo uliolipika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Tuchukue kutoka kwenye gemu za mtandaoni namna zinavyowafanya watu wahitajiane. Tukatae, kwa nguvu zote, orodha iliyofungwa ya yanayowezekana. Kompyuta haiwezi kukubali jambo ambalo mwandishi wa programu hakulifikiria. Mtu aliyekaa mbele yako anaweza. Tukiuondoa uwezo huo tunabaki na simu ya karatasi, na simu yenyewe ina picha nzuri zaidi, itatushinda.

Same inaweza kutoa mfano, na sihitaji majoka wala mahandaki ya Ulaya. Nachukua ndiva. Kwa msomaji asiyeijua Upare: ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhi maji ya kumwagilia, linalojengwa kwenye njia ya mfereji unaotoka mlimani. Usiku maji yanaingia na kukusanyika, asubuhi linafunguliwa, na maji yanayotoka yana nguvu ya kufika mashambani. Bila ndiva, kijito chembamba cha kiangazi kingenyonywa na udongo kabla hakijafika popote. Zipo katika bonde la Makanya, kule Vudee na Bangalala, na mifumo ya namna hii ilikuwepo kabla ya serikali za kikoloni. Kuna zamu, kuna msimamizi, kuna wa juu na wa chini, na kuna msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila kaya inatoa mtu wa kuzibua mfereji na kutoa tope.

Mbunifu wa michezo akikiona kitu hicho anapaswa kushindwa kulala. Wahusika wanne wapo tayari: mkulima wa juu anayepata maji kwanza, mkulima wa mwisho wa mfereji, msimamizi wa ndiva, na mfugaji wa tambarare ambaye ng'ombe wake nao wana kiu. Kila mmoja ana anachokiweza peke yake. Msimamizi ndiye anayejua kiasi cha maji kilichoingia usiku. Mkulima wa juu anaona mawingu ya mlima Shengena kabla ya wengine. Mfugaji anazo habari za hifadhi ya Mkomazi, tembo wamepita wapi. Mkulima wa chini ana watu wengi nyuma yake, maana huko chini ndiko waliko wengi. Uhai wenyewe wa kundi ni mmoja: maji ya ndiva. Na lile duara la Free Fire linalobana uwanja dakika hadi dakika, ambalo kwangu ndilo ubunifu bora kabisa wa gemu hizo kwa sababu linamzuia mtu kujificha, hapa linakuwa kiangazi. Kila zamu ndiva inajaa pungufu ya jana. Hakuna wa kujificha.

Mchezo huo nimeujaribu kwenye meza ya chakula, mvua za vuli zilipochelewa, na watoto wa ndugu waliokuwa likizo. Mmoja wao ni bingwa wa Free Fire mtaani kwao. Alipewa mkulima wa juu, na zamu ya pili tu akasema, "Mjomba, usiku naenda kufungua maji kimya kimya." Mezani hilo linaruhusiwa. Dadu ikamwangukia vizuri, maji yakaenda kwake, asubuhi ndiva iko nusu. Wote wakamgeukia binti aliyekuwa mkulima wa mwisho, wakitegemea amshitaki kwa msimamizi. Binti alinyamaza, akaiangalia karatasi yake, akaigeuza uso chini. Kisha akasema, "Leo usiku mimi nakesha pale ndivani na msimamizi. Nawasha moto, nakaa. Simsemi mtu."

Sikuwa na sheria ya kukesha. Kwenye karatasi hapakuwa na mbinu yenye jina hilo. Nikamuuliza ana nini cha kujifunika, maana kule usiku baridi inauma. Akasema khanga mbili na sufuria ya chai ya tangawizi kutoka Mamba. Yule kijana wa juu akakaa muda kidogo anazungusha dadu mkononi. "Mjomba, nami naenda," akasema. "Siendi kuiba. Naenda kukesha naye." Kuanzia hapo mchezo haukuwa tena wa nani ana maji, ukawa wa watu wanne wanaotafuta namna ya kuitisha msaragambo wakati nusu ya kijiji haiaminiani. Mfugaji ndiye aliyewashawishi wenzake wa tambarare waje na majembe, kwa sharti la ng'ombe kunyweshwa jioni. Sharti hilo wala sikuwa nimeliwaza.

Hebu jiulize programu gani ingelipokea lile la kukesha. Ingelipokea kama mtu angelitabiri, akaliandika, akalichorea picha. Na hapo mchezaji anayefuata angelikuta kwenye orodha, angelibonyeza, na lisingekuwa na uzito wowote.

Najua nitakalojibiwa: vijana wetu wako kwenye simu, watengenezee huko huko. Sipingi. Kuna huduma kama Roll20, iliyoanza mwaka 2012, inayowawezesha watu walio mbali kukaa kwenye meza moja kwa njia ya intaneti, wakaona ramani moja na dadu moja. Kwa Wapare, ambao wamesambaa Dar es Salaam, Mombasa na mbali zaidi, hiyo si huduma ya kudharau. Lakini angalieni Desemba, familia zinaporudi Usangi, Suji, Gonja na Mbaga. Nyumba inajaa wajukuu ambao hawajui waongee nini na babu yao, na kuna mabonde ambako mtandao unapatikana ukipanda juu ya jiwe fulani. Meza inahitaji karatasi, penseli na dadu. Babu anaweza kuwa msimamizi wa ndiva bila kufundishwa sheria hata moja, kwa kuwa anazijua kuliko msimulizi.

Hapo pia meza inatupa kitu ambacho hata jadi yetu ya ngano haikutupa chote. Bibi akisimulia, watoto tuliitikia, tuliimba kiitikio, tuliogopa zimwi pale pale alipotaka tuogope. Lakini mwisho ulikuwa wake. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kusema: hapana bibi, mimi simkimbii zimwi, namuuliza amekula lini. Mchezo wa mezani unamruhusu. Naona hilo ni ngano iliyokua, na wasimulizi wetu wasiogope kumkabidhi msikilizaji nusu ya hadithi.

Kuna hadithi moja ya Upare ambayo kwa maoni yangu haiwezi kuchezwa vizuri kwenye gemu yoyote ya risasi. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakaja hapa Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga kodi ya mbiru iliyowekwa na serikali ya Waingereza. Silaha yao kubwa ilikuwa kukaa. Wanawake wa Usangi nao wakaingia katika mapambano, na hatimaye kodi hiyo ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo aliandika kisa hicho, na kitabu chake kuhusu mbiru kilichapishwa mwaka 1971. Mpe mtengeneza gemu wa kawaida kisa hicho atakuuliza adui wa mwisho ni nani na ana damu kiasi gani. Mpe msimulizi wa mezani, na mara moja yatakuja maswali yenye uhai: nani analisha maelfu hao? Nani analima shamba la aliyeko Same? Chifu wenu yuko upande gani, na ndugu yako karani wa serikali utamwambia nini mkikutana njiani? Mkingaji, mtibabu na mshambuliaji hawatoshi hapo. Watatakiwa mpishi, mjumbe, mzee wa kutuliza hasira, na mwanamke anayeshuka na mzigo kichwani.

Na yapo ya mtandaoni ya kuachwa kabisa. Free Fire inauza almasi za kununulia mavazi na madoido. Gemu nyingi zinampa mtu zawadi ndogo kila siku akiingia, ili asipoingia aone amepoteza. Kuna wabunifu wa mezani wanaotamani kuiga hilo kwa kadi za kulipia na misimu isiyokwisha. Mchezo wa watoto wetu usijengwe juu ya hofu ya kupitwa. Jioni ikiisha, uishe, watu wakale.

Ombi langu ni kwa walimu wa historia na jiografia wa sekondari za Same na Mwanga, kwa maofisa utamaduni, na kwa vijana wenye kipaji cha kubuni. Msisubiri mfadhili wala programu. Chukueni karatasi nne, andikeni wahusika wanne wanaohitajiana, wekeni tatizo moja la kweli la mahali penu, na acheni nusu ya ukurasa tupu kwa ajili ya yale msiyoyafikiria. Mchezo ukishatoka, msiupeleke kwanza Dar es Salaam. Upelekeni Bangalala, waketisheni mezani wale wanaofungua ndiva kila asubuhi, na wakisema sheria fulani si kweli, ifuteni hapo hapo.